Kuipa Tovuti Sura Mpya: Nani Aulizwe?

Ukurasa huu wa Kiswahili umezoea kuzungumza habari za mishahara, za viatu vya kazi visivyofika, na za lori linalochelewa kuwachukua watu wa zamu ya asubuhi. Safari hii tunazungumza jambo ambalo kwa kulitazama juu juu halina jasho ndani yake: kubadilishwa kwa sura ya tovuti. Tunaomba subira yenu. Ndani ya jambo hilo mna watu wanaofanya kazi bila mshahara, mna mafundi wanaolipwa walio mbali, mna kura iliyopigwa na Waswahili, na mna swali ambalo kila mfanyakazi wa kiwanda au wa shamba analifahamu: chombo cha kazi kinapobadilishwa, nani aulizwe kwanza?

Tovuti tunayoizungumzia ni Wikipedia, kamusi elezo ya intaneti ambayo kila mtu anaisoma bure na kila mtu ana ruhusa ya kuiandika. Ilianza tarehe 15 Januari 2001 kwa Kiingereza, na sasa ina matoleo ya lugha zaidi ya 300. Toleo la Kiswahili lilianza mwaka 2003, nalo leo lina makala zaidi ya 70,000. Vijana wetu hapa Palma wanaifahamu hata kama hawaijui kwa jina. Mtu akitafuta katika simu habari za ugonjwa fulani, au za mto Ruvuma, au za mchezaji wa mpira, mara nyingi jibu linalotangulia limetoka huko.

MTAMBO NI WA NANI?

Kabla hatujafika kwenye sura, tueleze kwanza mtambo wenyewe. Wikipedia inaendeshwa na programu iitwayo MediaWiki. Hiyo ni programu huria. Maana yake ni kwamba yale maagizo ambayo mafundi huyaandika ili kompyuta iyafuate hayakufungiwa sandukuni. Kila mtu anaweza kuyasoma, kuyanakili, kuyabadili na kuyatumia kwa shughuli zake bila kulipa. Fikirini mashine ya kubangulia korosho ambayo michoro yake imebandikwa ukutani mwa kiwanda, na fundi yeyote ana haki ya kuunda ya kwake na hata kuiboresha, kwa sharti kwamba akiigawa kwa wengine naye aache michoro yake wazi. Ndivyo MediaWiki ilivyo.

Mambo haya si mageni katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu huria ya kazi za ofisi ikiwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, ikapewa jina la Jambo OpenOffice. Watafsiri hawakuhitaji kwenda kubisha hodi kwa tajiri yeyote ng'ambo. Leseni ya programu ilikuwa imekwisha kuwaruhusu.

Pamoja na hayo, mtambo mkubwa kama Wikipedia lazima uwe na wenye kuutunza. Kazi hiyo inafanywa na Wikimedia Foundation, shirika lisilo la faida lenye makao yake San Francisco, Marekani. Shirika hilo hukusanya michango, hulipia kompyuta kubwa zinazohifadhi makala, na huajiri mafundi na wachoraji wa sura kwa mishahara. Lakini makala zenyewe, yaani kile ambacho msomaji anakifuata, zinaandikwa na watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti moja. Kwa upande wa Kiswahili watu hao ni wachache kulingana na ukubwa wa lugha yenyewe. Wale waliopewa funguo za usimamizi wanaitwa wakabidhi, jina ambalo sisi tunalipenda, kwa kuwa linamkumbusha mwenye nalo kwamba alichonacho amekabidhiwa tu.

Hatusemi kwamba shirika hilo ni sawa na bepari mwenye kiwanda. Haliuzi makala, halina wanahisa wa kugawana faida, na Wikipedia haina matangazo ya biashara. Hata hivyo mgawanyo wa kazi ni ule ule tunaoujua: upande mmoja umeshika mtambo na unalipwa, upande wa pili unazalisha na haulipwi. Panapokuwa na mgawanyo wa namna hiyo, kila badiliko la mtambo huzua maneno, na ni haki lizue.

SURA YA ZAMANI NA SURA MPYA

Wenye kumbukumbu ndefu wataikumbuka sura iliyoletwa mwaka 2004, ikiitwa MonoBook. Mwaka 2010 ikaja nyingine iitwayo Vector, na hiyo ndiyo iliyokaa machoni pa watu kwa miaka zaidi ya kumi. Ukifungua kwa kompyuta, kushoto ulikuta safu ndefu ya viungo, juu ulikuta maneno kama Makala, Majadiliano, Soma na Hariri, na katikati maandishi yaliyoenea kutoka ukingo mmoja wa kioo hadi mwingine.

Tuseme kweli, sura hiyo ilikuwa imechakaa. Vioo vya kompyuta vilizidi kuwa vipana mwaka hadi mwaka, na msitari wa maandishi ukawa mrefu hata jicho likifika mwisho linapotea njia ya kurudi mwanzo wa msitari unaofuata. Yeyote aliyewahi kusoma kumbukumbu za mkutano zilizopigwa chapa bila pambizo anaijua adha hiyo. Tena kama makala ilikuwa ndefu, msomaji aliyefika katikati na kutaka kwenda sehemu nyingine alilazimika kupanda juu kabisa, atazame yaliyomo, kisha ateremke tena. Ni kama mtu anayechuma nazi na kulazimika kurudi ofisini kila akitaka kujua mnazi unaofuata uko wapi.

Mafundi wa shirika wakaanza kutengeneza sura nyingine, iliyoitwa Vector 2022. Walianza kuijaribu mwaka 2020 katika matoleo machache, mojawapo likiwa la Kifaransa, wakaieneza hatua kwa hatua, na tarehe 18 Januari 2023 ikafika katika toleo la Kiingereza ambalo ni kubwa kuliko yote. Msitari wa maandishi ulifupishwa, na pembeni pakaachwa weupe. Orodha ya yaliyomo iliwekwa kushoto, nayo inamfuata msomaji popote ateremkapo. Mahali pa kutafutia paliboreshwa pakawa panaonyesha na picha ndogo za kile kinachotafutwa. Shirika lenyewe lilieleza kwamba katika majaribio watu walitafuta zaidi kwa asilimia 30. Vitu hivi tumevitumia, na kwa maoni yetu hivyo vyote vitatu ni maendeleo ya kweli. Mzee wetu mwenye miwani ya kuazima atasoma kwa raha zaidi katika sura mpya kuliko katika ya zamani.

Lakini kuna mambo mengine mawili yaliyobadilishwa, nayo hayatupendezi hata kidogo.

La kwanza ni lugha. Katika sura ya zamani majina ya lugha yalipangwa wazi kushoto, moja chini ya jingine: Deutsch, Français, Kiswahili, Português. Msomaji aliyaona hata kama hakuyatafuta. Katika sura mpya yamekunjwa yote ndani ya kitufe kimoja juu kulia, chenye alama ya herufi ya Kichina pamoja na herufi A, na hesabu ya lugha zilizopo. Waliotengeneza walisema kwamba kitufe kilicho juu kinaonekana upesi kuliko safu iliyo chini. Kwa mtu wa lugha moja pengine ni kweli. Sasa mfikirini mfanyakazi wa Palma. Shuleni alifundishwa kwa Kireno. Nyumbani anasema Kimakwe, Kimwani au Kimakonde. Sokoni, na kwa wenzake wa ng'ambo ya Ruvuma, anasema Kiswahili. Mtu wa namna hiyo kwenda na kurudi kati ya lugha ni mwendo wake wa kila siku. Wikipedia ya Kireno ina makala zaidi ya milioni moja, kwa hiyo mara nyingi ataanzia huko kwa kuwa huko ndiko kuna maelezo marefu, kisha atataka kujua kama jambo hilo hilo limeandikwa kwa Kiswahili. Zamani neno Kiswahili lilimwita lenyewe kutoka pembeni. Sasa lazima ajue kwanza kwamba kuna mlango, tena mlango wenye alama ambayo hapa kwetu haimwambii mtu chochote.

La pili ni kubwa zaidi. Ile safu ya kushoto ilikuwa na viungo vya ndani ya nyumba: mabadiliko ya karibuni, ukurasa wa jumuiya, msaada. Kwa msomaji ambaye hakuingia kwa akaunti, sura mpya imevikunja vyote ndani ya kitufe cha misitari mitatu. Ukurasa umekuwa safi, hatukatai. Lakini zamani hata mpita njia aliona kwamba makala hizi zinaandikwa leo, na watu wenye majina, nao wana mahali wanapokutana na kujadiliana. Aliona jikoni na moshi wake. Sasa anaona sebule tu, imefagiliwa na kupambwa, anadhani chakula kimetoka hotelini. Msomaji asiyejua kwamba kuna jiko hatauliza kama anaweza kusaidia kupika.

KURA ILIYOPIGWA

Sura mpya ilipoletwa, wahariri wa Wikipedia ya Kiswahili walipiga kura. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba irudishwe sura ya zamani. Hapakuwa na kura hata moja ya kuitaka ile mpya. Katika malalamiko yote yaliyotokea duniani juu ya jambo hilo, kura hiyo ya Kiswahili ndiyo iliyotajwa sana, na habari zake zimo hata katika makala ya Kiingereza inayoeleza historia ya Wikipedia yenyewe.

Waingereza nao hawakukubaliana. Kabla sura haijaletwa walijadiliana mwaka 2022, na waliotaka na wasiotaka walikaribiana. Baada ya kuletwa wakajadiliana tena kwa wingi mkubwa zaidi. Safari hiyo waliotaka sura ya zamani irudishwe walikuwa wengi kuliko waliopinga, lakini wasimamizi wa mjadala walitoa uamuzi kwamba mwafaka haukupatikana, na sura mpya ikabaki. Desturi ya Wikipedia ni kwamba kura peke yake haiamui, hoja hupimwa. Desturi hiyo ina faida zake. Ila tumeona katika mikutano mingi kwamba kila hoja zinapopimwa, aliyeshika mizani ana nguvu kuliko anayezungumza.

Shirika lilisema kwamba lilishirikiana na watu wa kujitolea wa jumuiya mbalimbali, likazitaja kwa majina India, Indonesia, Ghana na Argentina. Hatuna sababu ya kulikanusha. Katika majina hayo manne Afrika tunaiona kwa Ghana. Pwani yetu hatuioni. Halafu kuna suala la mahali pa kusemea. Maombi ya kubadili mtambo hupelekwa mahali panapoitwa Phabricator, ambapo mafundi hupanga kazi zao. Pako wazi kwa kila mtu, na hilo ni jambo jema. Lakini lugha ya huko ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Mhariri wa Kiswahili anaweza kuandika makala 1,000 kwa lugha safi na bado akashindwa kueleza huko kwa nini kitufe fulani kinamsumbua.

Sisi wafanyakazi tunayo historia ya mambo haya. Hapa Msumbiji mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru, yaliundwa mabaraza ya uzalishaji viwandani, ambayo mwaka 1983 yalizaa chama cha OTM. Tanzania, Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970 uliunda mabaraza ya wafanyakazi. Huko Tanzania mabaraza yalikuwa ya kushauri, na wengi waliokaa ndani yake walijifunza kwamba kuitwa kutoa maoni juu ya mashine iliyokwisha kununuliwa si sawa na kuulizwa kabla ya kununua. Tukiipima kazi ya sura mpya kwa kipimo hicho, tunasema hivi: majaribio yalifanyika, tena ya miaka, na hilo ni zaidi ya wanavyofanya waajiri wengi. Ila jumuiya ndogo kama ya Kiswahili ililetewa sura ambayo maswali yake yalikuwa yameulizwa kwingine. Ndiyo maana tunaiunga mkono kura ile, ingawa sisi wenyewe tungepiga kura ya kuubakisha ule msitari mfupi na ile orodha ya yaliyomo. Mtu anaweza kuipenda nguo na bado akachukia kuvishwa usingizini.

SIMU ZETU

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wapiganaji wa pande zote mbili hawakulitilia mkazo. Vita yote hii ilikuwa juu ya sura ya kompyuta. Anayefungua Wikipedia kwa simu anaona sura nyingine kabisa, iitwayo Minerva, ambayo haikuguswa na Vector 2022. Na sisi wa Palma tunasoma kwa simu. Kompyuta ziko maofisini, katika baadhi ya shule, na katika kambi za makampuni.

Basi je, jambo hili halituhusu? Linatuhusu kwa sababu ya wanaotuandikia. Uandishi mrefu wa makala, pamoja na kupanga vyanzo na kurekebisha makosa ya wengine, ni kazi inayofanyika kwa urahisi zaidi katika kompyuta. Wapo wenzetu wengi katika Afrika wanaoandika kwa simu, na baadhi yao huilazimisha simu ionyeshe sura ya kompyuta ili wapate vyombo vyote, wakikodoa macho kwenye herufi kama punje za mtama. Kila kitufe kikihamishwa huko, wao ndio wanaopapasa.

Tena sura ya simu nayo ina mambo yake. Kitufe cha kuhariri ni picha ya kalamu, bila neno Hariri. Kitufe cha lugha ni ile ile alama ya herufi ya Kichina na A. Kwa kijana wa mjini aliyekulia kwenye simu, picha ndogo ndiyo lugha. Kwa mama anayefanya kazi shambani, aliyejifunza kusoma ukubwani katika darasa la jioni, neno moja la Kiswahili lina thamani kuliko picha kumi, kwa kuwa neno alilihangaikia na sasa ni lake. Watengenezaji wa sura wanapoondoa maneno na kuweka picha wanadhani wanamsaidia asiyejua kusoma. Sisi tunaona wanamnyang'anya aliyejifunza.

Na suala la gharama lipo. Zamani, kuanzia 2012, shirika lilikuwa na mpango wa Wikipedia Zero, ambapo makampuni ya simu katika baadhi ya nchi yaliruhusu watu kusoma Wikipedia bila kukatwa fedha. Mpango huo ulifungwa mwaka 2018. Anayesoma sasa anasoma kwa mega alizonunua kwa metikali zake. Maandishi hayana uzito. Picha ndizo zinazokula. Kwa hiyo kila mapambo yanayoongezwa juu ya ukurasa yana mtu anayeyalipia, naye si yule aliyeyachora. Tungependa kila kikao cha kupanga sura kiwe na simu moja ya bei ndogo juu ya meza, yenye kioo kilichopasuka na mtandao hafifu, na uamuzi usipitishwe mpaka ukurasa umefunguka katika simu hiyo.

KWA NINI PALMA

Huenda mtu akauliza kwa nini tunang'ang'ania habari ya kitufe cha kuhariri wakati watu wana shida kubwa zaidi. Tutajibu. Tarehe 24 Machi 2021 mji wetu ulishambuliwa. Mawasiliano ya simu yalikatika, watu walikimbilia porini, Afungi, Pemba na hata mpaka wa Tanzania, na mwezi uliofuata kazi za mradi wa gesi zikasimamishwa pamoja na ajira za wengi. Dunia ilisoma habari zetu. Wikipedia ya Kiingereza ina makala nzima juu ya mapigano ya Palma, yenye tarehe na hesabu na majina ya majeshi, iliyojengwa zaidi juu ya taarifa za vyombo vya habari vya nje. Hatusemi ni ya uongo. Tunasema tu kwamba mtu anayetaka kujua Palma ni nini, anaanzia kwenye siku ambayo ilichomwa.

Palma ina mengine. Ina ghuba ya Tungue, ambayo Wareno waliichukua kwa mabavu mwaka 1887 kutoka utawala wa Sultani wa Zanzibar. Ina Kionga upande wa kaskazini, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu 1894 hadi 1916. Ina wavuvi, ina minazi, ina lugha ya Kimakwe ambayo haina toleo lake la Wikipedia, wala Kimwani hakina. Haya yaandikwe na nani kwa Kiswahili, kama si mtu wa hapa mwenye subira na simu? Tusidanganyane, kazi hiyo ina masharti. Wikipedia haipokei ushuhuda wa mtu binafsi hata kama ni wa kweli. Inataka kila neno liwe na chanzo kilichokwisha kuchapishwa. Malalamiko juu ya msimamizi wa shamba hayana nafasi huko. Hayo leteni kwenye tawi. Ila historia ya mji ina vitabu, na wapo walimu wetu wanaovijua.

Kuna na kazi ndogo isiyotaka vitabu. Maneno yote ya vitufe, tangu Hariri hadi Tafuta, yametafsiriwa na watu wa kujitolea katika tovuti ya translatewiki.net, ambayo nayo inaendeshwa na MediaWiki. Sura mpya ikiletwa huja na maneno mapya, na yasipopata mtafsiri hubaki kwa Kiingereza katikati ya ukurasa wa Kiswahili, kama jiwe katika wali. Mtu mmoja mwenye Kiswahili kizuri akikaa jioni moja anaweza kutafsiri maneno kadhaa, na kila atakayefungua ukurasa wa Kiswahili, awe Palma, Mtwara, Lamu au Muscat, atayaona. Katika kazi zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo tunayodhani inawafaa zaidi vijana wa matawi yetu, kwa kuwa wanajua Kireno na Kiswahili pamoja, na huona upesi neno lililotafsiriwa vibaya.

Kwa wale ambao mtandao wao unakatika siku nzima, upo msaada wa Kiwix. Hiyo nayo ni programu huria, iliyoanzishwa mwaka 2007, inayobeba Wikipedia nzima ya lugha fulani katika kadi ya kumbukumbu ya simu. Mtu mmoja akiipakua mahali penye mtandao mzuri, wenzake wote wanaweza kunakili kutoka kwake na kusoma bila mega hata moja. Humo hakuna kitufe cha kuhariri, kwa hiyo aliyeona kosa aliandike pembeni, alisahihishe siku atakapopata mtandao.

Na wale wenye kutumia kompyuta ofisini au shuleni, jueni kwamba sura za zamani hazikutupwa. Aliyejiandikisha aingie katika akaunti yake, afungue mapendekezo, aende kwenye mwonekano, achague Vector ya 2010, au hata MonoBook ya 2004 akitaka. Asiyejiandikisha hana uchaguzi huo. Anaweza tu kukuza herufi, kupanua ukurasa, au kuufanya mweusi kwa ajili ya usiku. Kujiandikisha hakulipiwi, jina la akaunti si lazima liwe jina lako la kweli, na hakuna atakayekuuliza kitambulisho.